Wale wa mieleka (Undertaker, Mankind n.k.) walikuwa wanaangukaje bila kufa? Wazoefu wa judo, karate na ngumi njooni

#1 Mwisho_wa_Reli
Habari wakuu.

Nipo Mwanga hapa Kigoma, jioni nafundisha vijana kujihami, karate kidogo na kutupana. Sasa madogo siku hizi kila mtu ana simu, wanakuja na klipu za mieleka za zamani, zile zile tulizokuwa tunalipia kiingilio kibandani enzi za deki na kanda za video, jenereta linanguruma nje. Juzi wamenionyesha Undertaker anamrusha Mankind toka juu ya ule uzio wa chuma unaozunguka ulingo, jamaa katua kwenye meza ya watangazaji, halafu kaamka kapanda tena juu. Dogo mmoja akaniuliza kocha na sisi lini tutajifunza kuruka toka juu. Swali la haki kabisa na sitaki kumjibu kwa kumfukuza.

Najua mshindi alikuwa anapangwa, hilo tusipoteze nalo muda. Mimi nauliza KUANGUKA. Mtu wa kilo mia na zaidi anabamizwa chali usiku mzima na kesho yupo mji mwingine anabamizwa tena. Kinachomwokoa ni nini? Sakafu? Mafunzo? Dawa? Au yule anayemrusha ndo anambeba? Mwenye uzoefu aseme, hata wa kudondoka kwenye mwembe tutamsikiliza.

#2 Dagaa_wa_Giza
Uzi mzuri mkuu. Sisi wa Katubuka tuliambiwa chini ya ulingo yamepangwa magodoro mpaka juu. Ila godoro halitoi ule mlio wa bwaaa, hapo ndo nilipokwama mpaka leo. Na Mankind alishuka kama mita kumi pale, godoro gani la kuhimili hiyo.

#3 Mzee_wa_Deki
Sio mita kumi kijana, ule uzio wakati ule ulikuwa kama mita tano. Tarehe 28 Juni 1998, Pittsburgh. Nakumbuka kwa sababu kanda ile ilinilipia ada za watoto, mimi ndiye nilikuwa na kibanda pale Ujiji, mabenchi ya mbao, dirisha limezibwa na gunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie.

Halafu watu wanasahau kwamba alianguka mara MBILI. Ile ya mezani walikuwa wamekubaliana. Ya pili walipanda tena juu, Undertaker akamkaba koo akamnyanyua akambamiza kwenye wavu wa paa, paa likaachia, jamaa akashuka mpaka ulingoni na kiti kikamfuata kikampiga usoni, jino likatoka. Hiyo hakuna aliyeipanga. Kwahiyo swali lako lina majibu mawili kwa mtu yule yule usiku ule ule, moja alijiandaa, nyingine ni Mungu.

#4 Kanyenye_Boy
Shikamoo mzee. Kumbe ndo nyie mliokuwa mnazima jenereta mechi ikinoga mnasema mafuta yameisha mtu alipe tena 😂

#5 Mzee_wa_Deki
Marahaba. Mafuta yalikuwa yanaisha kweli. Umeme wa Kigoma miaka ile unaujua au unausikia?

#6 Fundi_Mninga
Niwasaidie hapo kwenye sakafu maana ni kazi yangu, nipo Urambo, nimeshapiga majukwaa mengi ya ngumi na ya sherehe. Ulingo wa mieleka hauna godoro. Ni fremu ya chuma, juu yake mbao zimelazwa, juu ya mbao sponji nyembamba, halafu turubai limevutwa likakaza. Ule wa WWF, kampuni yao ya mieleka kule Marekani, ulikuwa futi 20 kwa 20. Siri ni kwamba zile mbao hazijabanwa kufa, zimekaa juu ya vyuma na katikati kuna uwazi, mtu akitua zinapinda kidogo na kurudi. Huo mlio anaousema Dagaa ni uwazi wa chini, kama ngoma. Ulingo ukiwa na mlio mkubwa ujue unacheza, ulingo ulio kimya ndo unaovunja watu.

Kwahiyo jibu langu ni sakafu. Chukua watu hao hao uwabamize kwenye sakafu ya simenti uone kama wataamka. Na mtu asije akapiga jukwaa la hivyo kwa mninga kisa tunao hapa Tabora, mninga mnene hauchezi, tafuta paini.

#7 Obi_ya_Kahawia
Fundi nakuheshimu ila sakafu ni nusu ya nusu. Mimi nimecheza judo miaka mingi Dar kabla sijarudi Tabora, tunatupana kwenye mikeka ya kama sentimita 4 na chini yake ni simenti, hakuna mbao ya kupinda, na jioni unaenda nyumbani kwa miguu yako.

Judo aliianzisha Kano Jigoro mwaka 1882 na mpaka leo ukiingia dojo, ukumbi wa mazoezi, hufundishwi kutupa kwanza, unafundishwa kuanguka. Unaanza umechuchumaa. Kidevu kifuani, macho yanaangalia fundo la mkanda wako, lengo kisogo kisiguse chini kabisa. Unajiviringisha nyuma, na pale mgongo unapofika mikono yote miwili inapiga mkeka kwa pamoja, viganja chini, isiwe mbali sana na mbavu, na unatoa pumzi. Ukibana pumzi unaona nyota. Mkono unapiga ili uzito usiende sehemu moja, ugawanyike mgongo mzima na mikono. Ukizoea unafanya ukiwa umesimama, baadaye mtu anakutupa.

Kosa la kila mgeni ni kupeleka mkono nyuma ajizuie. Hapo ndo vifundo na viwiko vinakwenda. Mwili unataka kufanya hivyo wenyewe na mafunzo yote ni kuufundisha uache.

Angalia klipu yoyote ya wale jamaa wakianguka chali utaona hayo hayo, kidevu ndani, mikono inapiga, mgongo wote unatua kwa pamoja. Baba yao wale wanamieleka Bret na Owen Hart, mzee Stu, alikuwa na chumba cha mazoezi chini ya nyumba yake Calgary kule Kanada, wakakiita Dungeon, vijana walikuwa wanabanwa mle mpaka wanalia kabla hawajaonwa na mtu yeyote kwenye televisheni. Hao hawakuokolewa na mbao.

#8 Dagaa_wa_Giza
Dah leo nimejifunza. Nimejaribu hapa kitandani kidevu kifuani, mama watoto anauliza nina nini 😂

#9 Mtoto_wa_Kalemie
Jambo wakubwa zangu. Mimi nimezaliwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, tumevuka kuja Kigoma na wazazi wakati wa vita. Kwetu mieleka tunaita kachi na hatukuiona kwa video, tuliiona kwa macho. Kinshasa ndo kuna wakubwa wake, na wengine wanapanda ulingoni na fetishi, yaani dawa za uganga, mtu anapuliza unga mwenzake anaanguka bila kuguswa.

Sasa mtasema ni maigizo, sawa. Lakini nimeona mtu anabebwa juu anabwagwa kwenye mbao tupu hazina sponji yoyote na anasimama. Na kabla hajapanda alikaa kimya muda mrefu, mzee wake anamfunga kitu kiunoni. Mimi naamini kile kitu kilimtoa woga, na mtu ambaye hana woga hakakamai. Nyote mnasema mbao na mikono, hamjasema woga.

#10 Obi_ya_Kahawia
@Mtoto_wa_Kalemie hiyo ya kukakamaa ni kweli tupu, aliyekakamaa anaumia kuliko aliyelegea. Ila woga unatolewa na kurudia zoezi, sio kamba kiunoni.

#11 Mtoto_wa_Kalemie
Kaka wewe ulikuwa na miaka ya kurudia na mkeka. Yeye alikuwa na mzee wake.

#12 Kanyenye_Boy
Mkitaja dawa nakumbuka Ultimate Warrior. Si alikufa kwa ajili ya zile kamba za mikononi, alizibana sana damu ikagoma kupita? Shuleni kwetu hiyo ilikuwa habari ya uhakika kabisa, kuna dogo alilia darasani. Halafu akarudi nywele zimekatwa tukaambiwa huyo siye, ni mdogo wake.

#13 Mzee_wa_Deki
Ni yule yule. Nilichoka kuwaeleza watu kibandani kwangu, nikiwaambia Warrior mzima wananiona natetea biashara. Alifariki 8 Aprili 2014, moyo, akiwa na miaka 54, kesho yake tu baada ya kuonekana Raw, kile kipindi chao cha televisheni, akihutubia watu. Kamba hazihusiki.

Na wiki hiyo hiyo, Jumapili ya tarehe 6 kule New Orleans, ndo Brock Lesnar alimaliza rekodi ya Undertaker ya kushinda 21 bila kupoteza kwenye WrestleMania, lile onyesho lao kubwa la kila mwaka. Mwanzisha uzi hili linakuhusu: Undertaker alitoka mle na mtikisiko wa ubongo akapelekwa hospitali. Mtu aliyeanza WWF mwaka 1990, anayejua kuanguka kuliko karibu wote. Ujuzi una mwisho wake.

#14 Dada_Nesi_Isevya
Asante mzee, hapo ndo nilikuwa nasubiri mtu afike. Mnawazungumzia walioamka tu. Mimi ni muuguzi hapa Tabora na msimu wa maembe wodi inakuwa na watoto walioshuka mwembeni, ukiwauliza wenzao nje watakuambia mbona fulani alidondoka akaamka. Ndiyo, huyo aliyeamka hakuja kwangu.

Agosti 1997 Owen Hart alimgeuza Steve Austin kichwa chini akakaa naye, kichwa kikatangulia, Austin akapoteza hisia za mwili pale pale, shingo ikamsumbua mpaka mwisho wa kazi yake. Oktoba 1999 kuna mmoja akijiita Droz, kuanguka kumoja tu kulikoenda vibaya, hakutembea tena maisha yake yote. Owen mwenyewe Mei 1999 Kansas City, alikuwa anashushwa kwa waya toka darini, kifungo kikaachia mapema, zaidi ya mita 20. Alikufa. Wote hao walikuwa watu wa mafunzo na wa mbao zinazocheza. Kaka yangu wa Mwanga, wafundishe kuanguka chini, na iwe vita kabisa mtoto kupanda kitu akaruka.

Na akianguka shingo vibaya, akisema hasikii miguu au mikono inamchoma choma, MSIMNYANYUE. Msimkalishe, msimpe maji, msimvute kichwa eti kunyoosha shingo. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, mwingine atafute gari lenye pa kumlaza. Nimepokea vijana waliokuja wamekaa kwenye bodaboda kati ya watu wawili, na sijui kilichovunjika kilivunjika kwenye ajali au kwenye bodaboda.

#15 Mwisho_wa_Reli
Dada hiyo ya bodaboda imenigusa, ndo usafiri tulio nao. Nitaongea na jirani mwenye pikapu tuwe tumekubaliana kabla. Nyie wengine endeleeni nasoma yote.

#16 Ruga_Ruga_Mdogo
Mimi ni wa ngumi, nimefundishwa na wanajeshi hapa Tabora. Hamjamtaja mtu mmoja, ANAYERUSHA. Kwenye mieleka ya televisheni unayemwona adui ndo anayekulinda. Kwenye ngumi hakuna anayekulinda, mtu akizimika anaanguka kisogo na hana habari ya kidevu wala pumzi. Ndo maana na sisi tuna sponji chini ya turubai, sio kwa ajili ya starehe. Michael Yombayomba alipochukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kuala Lumpur 1998 hakuna aliyempangia, na mwaka ule ule nyie mlikuwa mnashangilia mtu anatupwa mezani.

#17 Obi_ya_Kahawia
Ruga amegusa kitu. Ile ya Undertaker ya kumgeuza mtu kichwa chini kisha anapiga magoti, ukiangalia taratibu kichwa cha mtu kipo juu kidogo ya magoti yake, amebanwa na mapaja, yanayogusa chini ni magoti ya Undertaker. Anayebeba ndo ana kazi yote. Tofauti na ya Owen na Austin aliyosema dada ni hapo hapo, Owen alishuka kwa makalio na kichwa cha mwenzake kilikuwa kimening'inia chini zaidi.

Au Hulk Hogan alivyombeba André the Giant akambwaga, 29 Machi 1987. André alitangazwa ana kilo zaidi ya 230. Kwenye judo mtu wa nusu ya hizo akigoma kubebwa humbebi. Hogan alimbeba kwa sababu André alikubali kubebwa, na André mgongo wake ulikuwa mbovu tayari, kwahiyo mwenye ujasiri pale kwangu ni aliyeanguka.

#18 Dagaa_wa_Giza
Hogan naye katutoka Julai 2025. Wanaisha wote. Vipi Kamala, yule jirani yetu Mganda aliyekuwa mlinzi wa Idi Amin, bado yupo?

#19 Mzee_wa_Deki
Hakuwa Mganda. James Harris, mtu wa Mississippi. Hiyo ya Idi Amin ilikuwa hadithi ya kuuzia tiketi. Alikutana na Undertaker Wembley pale London Agosti 1992. Kisukari kikamkata miguu yote miwili, alifariki Agosti 2020. Yokozuna naye kabla hujauliza, sio Mjapani, asili yake Samoa. Na Kane sio mdogo wake Undertaker, Kane jina lake Glenn Jacobs na aliingia kwenye siasa akawa meya wa kaunti moja Tennessee.

#20 Dagaa_wa_Giza
Mzee umenimaliza. Tulimshangilia Kamala kwa sababu ya ujirani!

#21 Kanyenye_Boy
Sasa turudi kwa Ruga, mtu wa ngumi na mtu wa mieleka wakikutana kweli kweli nani anakaa?

#22 Ruga_Ruga_Mdogo
Ilishafanyika. Muhammad Ali na mwanamieleka wa Japani Antonio Inoki, Tokyo, 26 Juni 1976, raundi 15. Inoki alilala chali sehemu kubwa ya pambano anampiga Ali mateke miguuni, Ali anamzunguka anamwambia simama. Sare. Miguu ya Ali iliumia vibaya sana. Watu walikasirika wakataka pesa zao ila mimi nikiiangalia leo naona Inoki alitafuta pale ambapo ngumi ya Ali haifiki. Mtu ambaye hajisikii vibaya kuwa chini ana silaha ambayo sisi wa ngumi hatuna, hilo nawapa watu wa judo.

#23 Mkwezi_Mwandiga
Nimesoma kimya sasa naongea. Mimi nakwea michikichi tangu kijana, kazi ya baba yangu. Nimeshuka toka juu kamba ilipokatika, nikavunjika mguu, ila mgongo ukabaki mzima. Sikufundishwa kidevu wala mkono. Nilitua kwenye makuti niliyokuwa nimeyakata mwenyewe. Mwenzangu alishuka kutoka mchikichi mfupi kuliko wangu, ardhi imelowa vizuri, na tulimzika. Kwahiyo mkisema mafunzo nawasikia, mkisema sakafu nawasikia, ila mimi nasema kuna siku yako na kuna siku sio yako. Asiye na bahati hata mkeka haumsaidii.

#24 Dada_Nesi_Isevya
Pole sana kaka. Makuti ndo yalikupunguzia. Hiyo pia ni sakafu.

#25 Mkwezi_Mwandiga
Na aliyeyaweka pale nilipotua ni nani? Mimi sikulenga.

#26 Mwisho_wa_Reli
Wakuu nashukuru. Nilichoamua mpaka sasa: hakuna kupanda juu ya kitu chochote. Tunaanza kuchuchumaa kama alivyosema Obi. Mazoezi tunayahamishia mchangani Kibirizi asubuhi, na kwa jioni nataka kushona magunia nijaze pumba za mpunga, nipange, nitandike turubai. Mikeka ya kununua siiwezi. Kuna ubaya?

Ya woga bado inanizunguka kichwani. Nina kijana mmoja anajua kila kitu kwa mdomo, kidevu, mkono, pumzi, akisukumwa tu anakakamaa. Na nina mwingine ambaye hajui chochote na anaanguka vizuri tangu siku aliyokuja. Hapo sakafu ni ile ile na kocha ni yule yule.

#27 Obi_ya_Kahawia
Mchanga mkavu sawa, ule uliolowa karibu na maji ni mgumu, usijidanganye kwa kuuona mchanga. Na chekecha kwanza, kuna makombe na vichupa. Pumba zina tabia ya kukimbilia pembeni, katikati panabaki kitambaa na ardhi, na ndipo wanapoangukia. Shonea mistari gunia liwe na vyumba vidogo vidogo. Huyo anayekakamaa mwache aanguke mwenyewe kwa muda mrefu, asisukumwe na mtu yeyote, na asifunge macho.

#28 Mtoto_wa_Kalemie
Huyo anayekakamaa muulize nani alimpiga nyumbani.

#29 Mwisho_wa_Reli
@Mtoto_wa_Kalemie nimekuelewa. Nitakaa naye.

#30 Ruga_Ruga_Mdogo
Mimi ningempa mtu wa kuanguka naye kila siku, yule yule mmoja, asibadilishwe. Akimwamini anayemtupa mwili utalegea wenyewe.

#31 Fundi_Mninga
Pumba zitawatesa msimu wa mvua, zikilowa zinaoza na panya wanahamia. Kocha nipe vipimo vya eneo lako na idadi ya vijana, nikuchoree jukwaa la chini kabisa, futi 12 kwa 12, mbao za paini juu ya mirunda, uwazi chini kama shubiri moja. Magunia yako unayaweka juu yake. Obi atasema mbao sio kitu, ila awatupe wanafunzi wake wiki moja kwenye simenti na wiki moja kwenye jukwaa langu halafu awaulize wao.

#32 Obi_ya_Kahawia
Nakuja Urambo mwezi ujao fundi, nitakuanzia wewe.